Hewa Kavu, Mkono Usiositasita
Ukingo safi wa stenlesi hauanzii kwenye grenda

Kukata shiti nyembamba ya stenlesi kwa plazma ni kazi ya dakika moja. Kusafisha uchafu ulioachwa na mkato mbaya kunaweza kumaliza asubuhi nzima. Pita kwenye karakana za Mwanga, Gungu au Ujiji, hapa Kigoma, usikilize: sauti inayodumu ni ya grenda, ikikwangua slagi iliyoganda chini ya shiti, ikisawazisha ukingo uliokwenda mrama, ikiondoa weusi wa moto. Mteja akiona cheche anaridhika kwamba fundi anachapa kazi. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ya grenda haikupaswa kuwepo, na kila dakika ya jiwe kwenye ukingo wa stenlesi inaongeza joto, inaongeza mikwaruzo na inapunguza kile kilichomfanya mteja alipe bei ya stenlesi badala ya bati.

Kigoma ukingo huu una uzito wa pekee kwa sababu stenlesi yetu nyingi inagusa chakula. Ni meza ya kuchambulia dagaa, beseni la kuoshea migebuka, pipa la kuchemshia chikichi, mfereji unaopokea mawese yakitoka kwenye kinu. Katika vyombo hivyo uso wa katikati husafishika kwa kitambaa tu. Pindoni ndipo mambo yanapoharibika. Chembe ya samaki ikijipenyeza chini ya tone la slagi, brashi haiifikii, na kesho yake kuna harufu ambayo hakuna anayejua inatoka wapi. Kwa mawese tatizo lina sura nyingine: chuma cha kawaida kikikaa na mafuta ya moto huyaharakisha kuchacha, ndiyo maana msindikaji anayeweza kumudu huhamia stenlesi. Tangu mwaka 2018, serikali ilipoanza kulifufua zao la michikichi mkoani na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kikapewa utafiti wake, mazungumzo mengi yamehusu mbegu na miche. Vyombo vya kusindikia navyo vinastahili mazungumzo, na vyombo hivyo vinakatwa na mafundi wa hapahapa mjini.

Mafundi hao wana urithi mrefu wa chuma. Mwaka 1913, katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ilijengwa meli Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati hadi huku. Anton Rüter na wenzake wawili kutoka karakana ile, pamoja na vibarua wengi, waliiunganisha upya Kigoma kwa ribiti, ikashushwa majini Februari 1915. Ndiyo Liemba tunayoijua. Mwaka huohuo wa 1913, mwezi Agosti, Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliyeyusha chuma chenye kromi kiasi cha asilimia 13 na kugundua kwamba hakishiki kutu kirahisi. Vyuma hivyo viwili ni rika moja, lakini mji wetu ulilelewa na kile cha meli. Vizazi vya mafundi wa bandarini, wa reli na wa boti za ziwani vimejifunza kukata, kupinda na kuchomelea chuma cha kawaida, na chuma cha kawaida kinasamehe mengi. Stenlesi haisamehe. Makosa mengi ninayoyaona kwenye kingo zake ni mazoea mazuri ya chuma kile kingine, yaliyoletwa mahali yasipofaa.

Chukua gesi. Fundi aliyezoea kukata kwa oksijeni anajua kwamba chuma kikishakuwa chekundu, ukifungulia oksijeni kinaungua chenyewe na kutiririka. Stenlesi inakataa. Kromi iliyomo, ambayo katika shiti ya kawaida ya daraja la 304 ni asilimia 18 hivi, ikikutana na oksijeni inafanya ngozi ngumu ambayo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,400, wakati chuma chenyewe chini yake kimeshayeyuka kwenye nyuzi 1,450 au pungufu. Ngozi hiyohiyo inayozuia kutu ndiyo inayomzuia mkataji. Plazma ilipita kikwazo hicho kwa njia nyingine. Robert Gage, wa kampuni ya Union Carbide ya Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1957, alichukua mwali wa umeme na kuubana kwenye tundu dogo pamoja na gesi, mpaka ukatoka mwembamba, wenye kasi na joto linaloweza kupita nyuzi 20,000. Hapo hakuna haja ya chuma kuungua. Kinayeyushwa, na pumzi ya gesi inakisukuma nje.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo wa habari nzima. Umeme unayeyusha, lakini kinachosafisha mkato ni pumzi. Pumzi ikiwa dhaifu, chafu au yenye maji, chuma kilichoyeyuka hakitoki chote. Kinabaki kimening'inia chini na kuganda hapo. Fundi akiona slagi anakimbilia kupandisha ampea. Mara nyingi alipaswa kuiangalia kompresa.

Na hapa Ziwa Tanganyika linaingia katika hesabu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua zikiwa zimeshika, hewa ya Kigoma ni nzito kwa unyevu. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 80 imebeba takriban gramu 18 za maji. Kompresa inayovuta lita 200 kwa dakika inameza mita za ujazo 12 kwa saa, kwa hiyo inameza zaidi ya gramu 200 za maji. Ikishaibana hewa hiyo hadi bari 7, na hewa ikapoa, nafasi ya mvuke inakuwa ndogo mno na sehemu kubwa ya maji hayo inadondoka. Ni karibu glasi nzima kila saa. Itadondokea wapi? Ikidondokea ndani ya tangi, utaifungulia koki ya chini na kuitoa. Ikidondokea ndani ya mpira, itafika kwenye tochi.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa vichujio hawalisemi kwa sauti ya kutosha: kichujio cha kawaida cha maji hukamata matone, hakikamati mvuke. Kompresa iliyofanya kazi mfululizo chini ya paa la bati saa sita mchana inatoa hewa ya moto, na hewa ya moto inapita na maji yake kwenye kichujio bila kizuizi. Inakwenda kupoa mbele, ndani ya mpira, na huko ndiko inakolowana. Kwa hiyo hewa ipozwe kwanza, kichujio kifuate. Njia ya bei nafuu ni bomba la chuma lenye urefu wa mita kadhaa kati ya tangi na kichujio, lipandishwe ukutani, literemke, na mwisho wa mteremko pawe na kishina kifupi chenye koki ambamo maji yanakusanyika. Tawi la kwenda kwenye mashine lichukuliwe kutoka upande wa juu wa bomba. Kompresa ikae kivulini, ivute hewa ya nje yenye ubaridi, mbali na vumbi la grenda. Baada ya kichujio, mwenye uwezo aongeze kikaushio cha chembe za silika, zile zinazobadilika rangi zikishiba maji na ambazo hukauka tena zikipashwa joto polepole. Koki ya tangi ifunguliwe asubuhi kabla ya kazi na tena mchana. Kipimo chake hakina gharama: weka mashine ipulize hewa bila kuwasha mwali, elekeza tochi kwenye kioo kisafi kwa nusu dakika. Kioo kikipata ukungu, hewa ina maji. Kikipata mafuta, pete za pistoni ya kompresa zimechoka.

Maji yakifika kwenye tochi yanafanya uharibifu wa aina mbili. Mwali unayumba, unakohoa, na mkato unatoka na meno. Kisha spea zinakufa. Ndani ya ncha ya elektrodi ya shaba kuna kipande kidogo cha hafni, metali inayostahimili kuungua ndani ya hewa, na unyevu unakila haraka. Elektrodi ikishachimbika, mwali hautoki tena katikati. Unalamba upande mmoja wa nozeli na kulifanya tundu lake kuwa na umbo la yai. Tangu hapo, hata fundi awe na mkono wa namna gani, ukingo mmoja utatoka umelala. Shimo la elektrodi likipita milimita moja hivi, ibadilishwe, na nozeli ibadilishwe pamoja nayo. Najua spea zinafika Kigoma kwa safari ndefu, na fundi anataka azitumie mpaka mwisho. Lakini apige hesabu ya mawe ya grenda na saa anazopoteza kurekebisha ukingo uliolala, ndipo aamue kama amebana matumizi kweli.

Nikiwa bado kwenye hewa, kuna tofauti ndogo ambayo vijitabu vya mashine haviisemi kwa sababu vimeandikwa kwa watu wa pwani na tambarare. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha asilimia tisa, kwa hiyo kompresa ileile inatoa hewa pungufu kwa kiwango hichohicho. Kompresa inayotosheleza kwa shida huko chini, huku haitoshelezi. Nunua kubwa zaidi ya ile iliyoandikwa, na usome geji ya shinikizo hewa ikiwa inatoka. Geji inayosoma bari 5 mashine ikiwa imetulia inaweza kushuka hadi 3 tochi ikifunguliwa.

Umeme nao una sehemu yake. Kwa miaka mingi Kigoma iliishi kwa jenereta za dizeli, na neno "umeme mdogo" halihitaji maelezo kwa mtu yeyote mwenye karakana. Mashine ya ampea 40 inavuta kutoka kwenye laini ampea 20 na kitu, na kompresa ina mahitaji yake juu ya hapo. Sasa fikiria fundi anayefanyia kazi uani kwa waya wa kuvutia umeme wa mita 50, wenye nyaya za milimita moja na nusu za mraba. Ampea 25 zikipita humo, karibu volti 30 zinaishia njiani zikiupasha waya moto. Umeme uliokuwa 210 kwenye soketi unafika 180, na mwali unakatika katikati ya mkato. Kila unapokatika na kuwashwa upya unaacha kidonda kwenye ukingo. Waya wa milimita nne za mraba unapunguza hasara hiyo hadi volti 12 hivi. Huo ndio ununuzi ambao ningeufanya kabla ya stebilaiza. Na ethi ifungwe juu ya chuma kitupu, karibu na mkato, kwenye kipande kinachobaki. Stenlesi nyingi huja na karatasi ya plastiki juu yake, na klempu iliyobana juu ya plastiki haipitishi kitu.

Hayo yakishatimia, inabaki mikono, na mikono inahusu mwendo kuliko chochote.

Kuna slagi za aina mbili, na kila moja inasema kosa lake. Ukienda polepole, mwali unakosa chuma cha kutosha mbele yake, unapanuka kutafuta pembeni, mkato unakuwa mpana, na chini yake inaganda slagi nene yenye mapovu. Hiyo hutoka kwa kugongwa kidogo kwa patasi. Ukienda haraka mno, mwali unabaki nyuma, chuma kilichoyeyuka kinarushwa kwa mshazari na kuganda kama uzi mwembamba, mgumu, uliochomelewa kabisa kwenye ukingo. Huo hautoki ila kwa jiwe. Kati ya mwendo huo na ule kuna dirisha ambamo chini ya shiti hapabaki kitu. Kwenye chuma cha kawaida dirisha hilo ni pana. Kwenye stenlesi ni jembamba, kwa sababu stenlesi iliyoyeyuka ni nzito, haitiririki kirahisi, na inapenda kushikilia.

Dirisha linatafutwa kwa jicho. Tazama cheche zinazotoka chini. Zikianguka wima kabisa au kusonga mbele, unachelewa. Zikilala nyuma sana, au zikirudi juu, umewahi. Zikiegemea nyuma kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ubaki hapohapo. Kisha geuza kipande usome mistari midogo kwenye uso wa mkato. Nayo inaeleza mwendo ulivyokuwa, sentimita kwa sentimita, pamoja na mahali mkono ulipositasita.

Hapa mafundi wengi wanakosea jambo moja lisilohusiana na ustadi wao. Wanaacha mashine kwenye ampea 40 kwa sababu ndivyo ilivyokatia bamba la milimita sita jana. Kwenye shiti ya milimita moja, ampea 40 zinadai mwendo wa mita kadhaa kwa dakika. Mashine ya kompyuta inaweza kwenda hivyo. Mkono wa binadamu hauwezi na ukabaki kwenye mstari. Basi fundi anakwenda kwa kasi anayoiweza, ambayo kwa ampea hizo ni polepole mno, na slagi inajaa. Ashushe umeme mpaka ampea 20 au 25, aweke nozeli yenye tundu dogo linalolingana na kiwango hicho, ndipo kasi sahihi itaushukia mkono wake. Nozeli kubwa kwenye ampea ndogo haifai: mwali unatoka mpana na mlegevu, unapasha joto kuliko unavyokata.

Kabla ya kuwasha, pitisha tochi juu ya mstari mzima ikiwa imezimwa, uone kiwiko kitakwama wapi na mpira utanasa kwenye nini. Tumia flatibaa iliyobanwa kwa klempu kama reli, na usisahau umbali kati ya katikati ya tundu na pembeni ya kikombe cha tochi. Tochi zilizotengenezwa kuburuzwa zinaburuzwa. Nyingine zinataka nafasi ya milimita mbili hivi, na nafasi hiyo isibadilike, kwani ikiongezeka ukingo wa juu unakuwa mviringo. Anzia nje ya shiti kila inapowezekana. Ikibidi kutoboa katikati, toboa kwenye sehemu itakayotupwa, tochi ikiwa imeinamishwa ili matone yaruke pembeni, kisha isimamishe na uingie kwenye mstari.

Na kuna siri ya upande. Ndani ya tochi nyingi kuna pete inayoizungusha hewa, na kwa mzunguko huo upande wa kulia wa mkato, ukitazama kule unakoelekea, hutoka wima, na wa kushoto hutoka umelala kidogo. Kipande unachokitaka kiwe kulia kwako. Ukikata sahani ya duara, zunguka kama mshale wa saa. Ukikata tundu la sinki kwenye meza, zunguka kinyume chake. Fundi anayelijua hili hahitaji mashine nyingine ili kingo zake zionekane nzuri kuliko za jirani.

Shiti nyembamba ina tabia nyingine inayowakatisha tamaa wengi: inajikunja. Stenlesi hupitisha joto kwa theluthi moja hivi ya kiwango cha chuma cha kawaida, lakini ikipata joto hutanuka zaidi, kama mara moja na nusu. Joto linakwama karibu na mkato, sehemu hiyo inatanuka huku pembeni pamebaki baridi, na shiti inainuka kama chapati kwenye kikaango. Ikiinuka, nafasi ya tochi inabadilika, na ukingo unaharibika kabla mkato haujaisha. Bana shiti karibu na mstari, pande zote mbili, juu ya vyuma viwili vyenye uwazi katikati ili slagi ipate pa kutokea. Usikate mistari inayofuatana; kata mmoja upande huu, hamia mwingine wa mbali, rudi. Trei ya maji iliyowekwa chini ya mkato inameza cheche na vumbi, lakini ethi na waya vikae mbali nayo.

Hata mkato ulio bora kabisa kwa hewa ya kawaida utatoka na ukingo wa kijivu au mweusi. Hili si kosa la fundi. Hewa ni nitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21, na zote mbili zinaingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Ukichomelea juu ya ukingo huo bila kuusafisha, nitrojeni iliyonaswa inatoka na kuacha vitundu kwenye mshono. Ondoa robo mpaka nusu ya milimita ndipo uchomelee. Wenye mtungi wa nitrojeni, na mashine inayoruhusu, hukata kwa nitrojeni tupu na kupata ukingo msafi zaidi. Viwandani huongezwa hidrojeni asilimia tano kwa shiti nyembamba na ukingo hutoka uking'aa. Kwa karakana zetu nisingeanza na gesi hizo. Kompresa yenye hewa kavu italeta mabadiliko makubwa kwanza.

Jiwe linalosawazisha ukingo huo ndilo linaloweza kuharibu kila kitu. Jiwe lililokata nondo asubuhi limejaa chembe za chuma, na likiguswa kwenye stenlesi linazipanda humo. Baada ya wiki mbili meza ina madoa ya kutu, mteja anarudi akisema, "Fundi, uliniuzia stenlesi feki." Stenlesi ilikuwa halali. Karakana inayotaka kuheshimika iwe na mawe, brashi na tupa za stenlesi peke yake, ziwekwe alama, zihifadhiwe kwenye sanduku lake. Brashi nayo iwe ya waya za stenlesi.

Kisha kuna chumvi. Mkoa huu una chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutoka kwenye chemchemi zake kwa zaidi ya miaka elfu moja, na baadhi ya samaki wa ziwa hili hutiwa chumvi kabla ya kusafiri. Chumvi ndiyo adui mkubwa wa stenlesi ya 304. Inatafuta mahali ambapo ngozi ya kromi imechoka, hasa kwenye ukingo uliobaki na rangi ya moto, ile ya dhahabu, zambarau au buluu, na inachimba vishimo vidogo vinavyokwenda chini. Kwa meza ya kutilia samaki chumvi, rangi hiyo iondolewe yote, ukingo usuguliwe kwa msasa laini, uoshwe kwa asidi ya sitriki ya unga iliyochanganywa na maji ya vuguvugu, usuuzwe kwa maji mengi na uachwe ukauke hewani ili ngozi ijijenge upya. Mwenye fedha aagize daraja la 316, lenye molibdeni asilimia mbili au zaidi, linalostahimili chumvi vizuri. Losheni kali za viwandani za kusafishia stenlesi zinaweza kuwa na asidi ya hidrofloriki, inayopenya ngozi na kudhuru mpaka mfupa. Bila glavu, kinga ya macho na mafunzo, zisiguswe.

Afya ya mkataji ni jambo ninalotamani lingesemwa kila siku katika madarasa ya ufundi ya VETA na katika kila karakana. Moshi wa stenlesi una kromi ya namna inayosababisha saratani ya mapafu, na mwaka 2017 jopo la shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa kuchomelea kwa jumla katika kundi hilohilo la visababishi vilivyothibitishwa. Kijana anayeinamia mkato uso ukiwa juu kabisa ya cheche anavuta moshi huo moja kwa moja. Simama upepo ukitokea ubavuni, kata nje au penye feni inayovuta moshi kuutoa, vaa barakoa ya chembe za vumbi inayobana, si kitambaa. Miwani ya jua haitoshi. Kioo cha giza namba 5 kinafaa kwa ampea ndogo, na namba ipande kadiri umeme unavyopanda. Shati la mikono mirefu lizuie miale, kwani plazma inaunguza ngozi kama jua.

Baada ya haya yote, niseme wazi kwamba kwa mkato ulionyooka kwenye shiti isiyofika milimita moja, nisingewasha plazma. Mkasi mkubwa wa bati, au gilotini kama ipo karibu, unaacha ukingo baridi, usio na rangi wala slagi. Jiwe jembamba la milimita moja kwa mstari mfupi nalo linatosha. Plazma inastahili mikato iliyopinda, matundu, pembe za ndani na unene wa milimita moja na nusu kwenda juu. Fundi anayewasha mashine kubwa kwa kila kazi kwa sababu mteja anasimama kutazama anajiongezea kazi ya kusafisha.

Anayejifunza apewe vipande vya kutupa kabla ya shiti nzima. Akate mistari kwenye kipande kimoja, kila mmoja kwa mwendo wake, aandike pembeni kwa kalamu ya rangi ampea, shinikizo na nozeli aliyotumia, kisha akigeuze atafute mstari usio na slagi. Kipande hicho kitundikwe ukutani karibu na mashine. Shiti ya unene mwingine ikija, kitundikwe kingine. SIDO, ambayo tangu mwaka 1973 imepewa kazi ya kulea viwanda vidogo, ingefanya jambo jema kuweka kikaushio kimoja kikubwa cha hewa na meza moja ya kukatia mahali ambapo mafundi wa mjini wanaweza kulipia kwa saa, kwa sababu kikaushio kizuri ni ghali kwa mtu mmoja na kinakaa bure siku nyingi.

Mteja naye ana la kufanya. Anapokwenda kuchukua meza ya dagaa au pipa la mawese, apitishe kitambaa cha pamba chini ya kingo zote, polepole, hasa kwenye pembe za ndani. Kitambaa kikinasa, slagi bado ipo, na ana haki ya kuomba irekebishwe kabla ya kulipa. Aulize pia jiwe lililotumika kusawazisha limewahi kukata chuma gani.